Akili haitulii hata nikiwa kando ya bahari: nifanyeje?

Mkaazi wa Kisauni
Assalam aleikum. Kwa miezi miwili sasa nimekuwa nikienda ufukweni Mama Ngina, hapa Mombasa, kila Jumapili asubuhi, nikiketi chini ya mibuyu na kuitazama bahari kwa nia ya kuipumzisha akili, lakini hazipiti dakika tano kabla fikira hazijarudi kwenye kodi ya nyumba na hesabu za duka. Nimeshauriwa nifumbe macho nisiwaze lolote. Nikiyafumba ndipo mawazo yanapozidi. Je, hisi huzoezwa vipi zibaki pale mtu alipo?

Binti wa Tudor
Waaleikum salaam, kaka. Ushauri huo wa kutowaza lolote ndio unaokuchosha, kwa kuwa akili isiyopewa kazi hujitafutia yenyewe. Mimi huipa kazi kwenye mikoko ya Hori ya Tudor maji yanapotoka. Tope la pale hunuka kama yai viza, kwa sababu bakteria wanaoishi ndani yake, mahali ambapo hewa haifiki, hutoa gesi yenye salfa. Nilipoacha kuziba pua ndipo nilipotambua kuwa harufu hiyo haiko sawa kila hatua. Kisha lamba jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko. Mti huo hutoa chumvi kupitia majani yake, na wakati wa jua kali utaiona imeganda juu yake. Ukitulia, kaa watatoka mashimoni, na madume wenye gando moja kubwa wataanza kulipunga. Ukijikuna tu, wote wamezama. (Usivae viatu unavyovipenda.)

Mvuvi mstaafu
Mwanangu, huna haja ya kwenda mbali. Ukiwa hapo hapo Mama Ngina, chagua jiwe moja kule chini na ulitazame maji yanavyolifunika au kulifunua. Maji hujaa na kutoka mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50. Kwa wiki moja ni karibu saa 6, hivyo jiwe ulilolikuta kavu Jumapili hii, Jumapili ijayo saa ile ile huenda likawa chini ya maji. Ukiielekea bahari, upepo wa kaskazi hukupiga shavu la kushoto na wa kusi la kulia. Sisi hatukuyaita haya kutuliza akili. Tulikuwa tukitafuta riziki, na asiyeyasikia kwa ngozi yake alirudi na dema, mtego wake wa samaki, tupu.

Mkaazi wa Kisauni
Shukrani, mzee wangu, nawe dada. Nilichagua jiwe lenye ufa. Jumapili ya kwanza lilikuwa kavu kabisa. Leo, saa 12 na nusu asubuhi, maji yalikuwa yameufikia ufa na yakizidi kupanda. Kodi niliikumbuka mara mbili, na mara zote mbili nilirudi kwenye jiwe kuona maji yamefika wapi. Dada, huko Tudor wewe huingilia upande gani?