Tupeane uzoefu: iafoni zilezile, mmoja anasifia besi, mwenzake anasikia bati

Mwana_Matoazi

Wakuu, salaam kwenu.

Leo naomba tupeane uzoefu kuhusu iafoni za kuingiza sikioni, hizi zenye vipira. Sitafuti ushauri wa kununua. Nataka tuzungumzie kwa nini watu wawili wakivaa iafoni ileile, kwa simu ileile na wimbo uleule, wanatoka na hukumu zinazopingana kabisa. Huyu besi imejaa, yule bati tupu. Na ukiwatazama usoni hakuna anayedanganya.

Mimi ubishi wangu ni na shemeji. Pea ninayoipenda kuliko zote, yeye akiivaa hamalizi wimbo. Anasema inamvumia kichwani, akitembea anasikia hatua zake mwenyewe, na mwimbaji akifika kwenye S au SH anachomwa. Mimi navaa hiyohiyo safari nzima. Nilipoanza kuangalia anavyoivaa nikaona kipira anakiacha pale mlangoni mwa sikio, wakati mimi nakizamisha. Kwa hiyo tulikuwa tunabishana juu ya sauti mbili tofauti.

Ombi langu: ukileta kisa chako, taja kipira unachotumia, sauti unafungulia kiasi gani, na unasikiliza nini. Neno "nzuri" likija peke yake halitusaidii.

Kipira_Kikubwa

Mkuu umegusa penyewe. Masikio yangu hayalingani, la kulia ni jembamba, la kushoto pana. Miaka yote nilikuwa natumia vipira vya kati pande zote mbili kwa sababu ndivyo vinavyokuja vimefungwa, na kila iafoni niliyoshika niliona besi imeegemea kulia. Nikawa nalaumu watengenezaji.

Jaribio ni rahisi mno. Weka wimbo wenye gitaa la besi linalotembea polepole, kisha bonyeza iafoni kidogo kwa kidole, usiisukume sana. Kama besi inaongezeka papo hapo, ujue kipira hakizibi. Sauti nzito zinahitaji hewa ya ndani ya sikio ifungiwe, tundu dogo tu linatosha kuzimwaga. Sauti za juu hazijali sana tundu hilo, ndiyo maana kinachobaki kinasikika kama bati. Siku hizi kulia naweka cha kati, kushoto kikubwa, na mwimbaji amesimama katikati.

Asiyependa_Besi

Naongezea kwa huyo wa juu: miwani, taya na hata kutabasamu vinahamisha kipira. Mimi nikitafuna chochote besi ya kushoto inakatika. Mtu anayesikiliza ametulia kitini na anayesikiliza akikimbia hawawezi kukubaliana kuhusu pea moja.

Mpima_Masikio

Kazi yangu ni kupima usikivu na kuwafungia watu visaidizi vya kusikia, kwa hiyo mada hii nakutana nayo kila siku kwa njia nyingine.

Njia ya sikio la mtu mzima, kuanzia mlangoni hadi kwenye ngoma, ina urefu wa kama milimita 25. Ikiwa wazi inakuza yenyewe sauti za karibu na kHz 3 (mitetemo elfu tatu kwa sekunde), na ubongo wako umelizoea ongezeko hilo tangu utoto. Ukiingiza iafoni umeiziba njia, ongezeko lile linapotea, na mtengenezaji analazimika kulirudisha kwa makusudi. Lakini analirudisha kwa kiasi cha sikio la wastani. Wewe si wastani. Njia yako inaweza kuwa fupi, au ina kona, au ni nyembamba, na kiasi kilichowekwa kikawa kingi au kichache kwako.

Halafu kuna mlio mwingine unaozaliwa kwenye kile kipande cha njia kilichobaki kati ya iafoni na ngoma. Mara nyingi unaangukia kwenye kHz 7 hadi 9 hivi, na mahali unapoangukia panategemea umezamisha kiasi gani. Kipande kikiwa kirefu unashuka, kikiwa kifupi unapanda. Hizo S na SH zinazomchoma shemeji wa mleta mada zinaishi jirani na hapo. Milimita chache zinatosha kufanya sauti ileile iwe kali au ipoe.

Na zile hatua anazozisikia: sehemu ya nje ya njia ya sikio ni ya gegedu na nyama laini, ya ndani ni mfupa. Ukiziba pale nje, mtetemo wa mwili wako, sauti yako na miguu yako vinanaswa ndani na kuvuma. Ukizamisha hadi penye mfupa uvumi unapungua sana. Kampuni ya Etymotic ilipotoa ER-4 mwaka 1991 iliipa vipira virefu vya ngazi tatu vinavyoingia ndani kabisa. Wapo wanaoziapia hadi leo, na wapo wasioweza kuzivumilia hata kwa wimbo mmoja. Wote nawaelewa.

Mwana_Matoazi

Mtaalamu, ubarikiwe. Jana nimempa shemeji kipira kidogo zaidi akizamishe taratibu. Anasema S zimepoa na hatua hazisikiki sana, ila hapendi kuwa na kitu kirefu hivyo sikioni. Kwake yeye starehe ni sehemu ya sauti, na sioni pa kumpinga.

Fundi_Mitambo

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimekaa nyuma ya mitambo ya sauti ukumbini maisha yangu yote ya kazi. Kijana ninayefanya naye kazi ni wa umri wa mwanangu. Tukikaa na iafoni moja, mimi nasema imetulia, yeye anasema matoazi yanakata kama wembe. Vitabu vinasema binadamu anasikia kutoka Hz 20 hadi kHz 20, lakini hiyo kHz 20 ni ya vijana. Umri ukienda, sauti za juu ndizo zinaanza kuondoka, na kelele za kazi kama yangu zinaharakisha. Kwa hiyo iafoni yenye ukali juu inaweza kuwa dawa kwa mzee na adhabu kwa kijana.

Huwa namwachia yeye hukumu ya juu kabisa. Ya kati, pale penye sauti ya mwimbaji, hapo bado ananisikiliza mimi, maana kusikia ni kitu kimoja na kujua unasikiliza nini ni kitu kingine. Nikimwambia "sikiliza pumzi kabla ya neno", anaisikia. Kabla ya hapo ilikuwepo, hakuwa ameitafuta.

Napenda_Besi

Mimi nataka besi inipige kifua hata kama haipo kifuani. Nikikutana na pea wanayoiita "iliyosawazishwa" naona mwanamuziki mmoja ameondoka jukwaani. Sioni haja ya kuomba radhi.

Mwana_Matoazi

Na huna haja, mkuu. Mtafiti Sean Olive na wenzake pale Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, waliwapa watu wengi headfoni wazilinganishe, na waliposambaza matokeo mwaka 2019 wakawagawa wasikilizaji katika makundi matatu. Kundi kubwa linapenda mkunjo wa sauti waliouita shabaha yao, yaani kiasi walichopanga cha besi, kati na juu, la pili linataka besi zaidi ya hapo, la tatu linataka besi pungufu. Waliotaka zaidi wengi ni wanaume na vijana. Waliotaka pungufu, wanawake na waliopita miaka 50 walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Mimi nikisoma sifa za iafoni siku hizi najiuliza kwanza mwandishi yuko kundi gani. Akiwa kundi langu namwamini zaidi, hata kama maneno yake ni machache.

Usiku_Mtulivu

Hakuna aliyegusa kiasi cha sauti na mimi naona ndiyo mzizi. Nasikiliza usiku, sauti chini kabisa, mtoto amelala pembeni. Ndugu yangu anasikiliza kwenye basi, sauti juu. Pea ileile kwangu ni nyembamba, kwake imejaa. Watafiti Fletcher na Munson walilionyesha hili tangu mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi kwa kasi kuliko linavyopoteza sauti za kati. Ukifungulia, besi inarudi yenyewe. Kwa hiyo usiku naongeza besi kidogo kwenye ikwalaiza, mchana naitoa.

Na ndugu zangu mnaofungulia mno, Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndiyo mpaka wa mtu mzima, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unagawanywa kwa mbili. Sikio likishaharibika, mjadala huu wote unakwisha kwako.

Ziba_Macho

Sisi marafiki tuliwahi kubishana kuhusu njia mbili za kubana na kurusha muziki kwa Bluetooth, SBC na LDAC. Mmoja aliapa kwamba LDAC inafungua pazia. Tukakubaliana mtu mwingine abadilishe bila kusema, anayesikiliza awe amefumba macho, na sauti zilinganishwe kwa ukubwa kwanza. Hapo kwenye kulinganisha ndipo kila kitu kipo. Moja ikiwa na desibeli moja tu zaidi, watu hawasemi "hii ina sauti kubwa". Wanasema "hii ina uwazi, ina uhai, vyombo vimeachana". Tulipolinganisha, ujasiri wa kila mtu ulipungua, akiwemo yule aliyeapa. Tofauti ndogo labda ipo, ila haikuwa pazia.

Kulinganisha iafoni mbili kwa njia hiyo ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu sikio linaitambua kila moja kwa umbo na uzito hata ukifumba macho. Watafiti wanaizunguka kwa kutumia chombo kimoja na kukibadilisha kwa ikwalaiza kiige vingine. Sisi wa kawaida tukubali tu kwamba rangi, jina na bei vinaingia sikioni pamoja na muziki.

Sauti_ya_Pili

Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya pili. Sina habari na grafu. Nikipewa iafoni naweka rekodi ya kwaya yetu wenyewe, maana nilikuwepo, najua tulivyosikika. Natafuta sauti yangu. Sauti ya kwanza inasikika kwenye kila kitu, hata simu ya tochi. Ya pili na ya tatu ndizo zinazopotea. Iafoni wanazozisifia wapenda besi zinafanya sauti ya nne iimeze ya tatu, wanaume wote wanakuwa mtu mmoja mnene. Kuna nyingine sauti zote nne zinakaa kila moja na nafasi yake, hadi namsikia mwenzangu wa kulia anapochelewa kuvuta pumzi.

Mwimbaji mwenzangu wa sauti ya nne anakataa kabisa. Anasema hizo zangu zimemfuta. Kila mmoja anajitafuta mwenyewe mle ndani, na nadhani hata wasio wanakwaya wanafanya hivyo, ila kwa chombo wanachokipenda.

Upande_Mmoja

Sikio langu la kushoto halisikii tangu utoto. Nasoma sifa za iafoni, watu wanaandika kurasa nzima kuhusu upana wa jukwaa, nani amesimama kushoto, nani kulia. Kwangu hayo hayapo. Kilichokuwa kinaniumiza ni kwamba kuna nyimbo za zamani gitaa limewekwa upande mmoja peke yake. Nilizisikiliza miaka na miaka bila kujua kuna gitaa.

Kwenye simu nyingi, ndani ya mipangilio ya ufikivu, kuna kitufe cha mono. Kinachanganya pande zote mbili na kuzileta pamoja kwenye sikio moja. Nilipokiwasha nikarudia nyimbo zangu zote nilizozipenda tangu mwanzo. Kuna wimbo mmoja niliusimamisha katikati kwa sababu gitaa lilikuwa linajibizana na mwimbaji mstari kwa mstari, na mimi miaka yote nilidhani anaimba peke yake kwenye ukimya.

Hukumu yangu ya iafoni ni rangi ya sauti na starehe tu. Naomba wanaoandika sifa waitenge rangi ya sauti na habari za jukwaa, ili na sisi tupate chetu.

Mwana_Matoazi

Mkuu, asante sana kwa hili. Nitaanza kuandika hivyo kuanzia leo.

Mpima_Masikio

Nami narudi na moja fupi kwa yeyote anayelalamika kwamba upande mmoja umefifia. Kabla ya kulaumu sikio, tazama kile kichujio kidogo mdomoni mwa iafoni, mara nyingi kimejaa nta. Badilisha pande: iafoni ya kulia ivae kushoto. Udhaifu ukihama nao, tatizo ni iafoni. Ukibaki sikio lilelile, njoo upimwe.

Grafu_Kwanza

Mimi naanza na grafu zilizopimwa, zile zinazoonyesha iafoni inatoa kiasi gani cha besi, kati na juu, na sioni kosa. Ila nijue zimepimwaje. Wengi wanatumia sikio bandia la kiwango cha IEC 60318-4, ambalo watu bado wanaliita 711 kwa namba yake ya zamani. Limetengenezwa kuiga sikio la wastani la mtu mzima, na juu ya kHz 10 halikuahidi kitu. Grafu inanisaidia kujua besi na sauti za kati zimekaaje. Mlima ulioko kwenye kHz 8 nausubiri kwenye sikio langu mwenyewe, maana kwangu unaweza kuwa umehama au haupo.

Mgeni_wa_Sauti

Wakuu, nimesoma yote. Swali: ni kweli iafoni mpya zinahitaji kuchezwa saa nyingi ndipo zikomae? Zangu siku ya kwanza zilikuwa kali, sasa naziona tamu.

Fundi_Mitambo

Kijana wangu, kabla ya kuamini chombo kimekomaa, angalia mambo mawili. Kwanza, vipira hulainika na wewe hujifunza kuvizamisha, kwa hiyo besi inaongezeka kwa kuziba vizuri. Pili, ubongo unazoea. Vaa pea yako ya zamani siku nzima, kisha rudi kwenye mpya. Ukali ukirudi kwa dakika za mwanzo halafu ukapotea tena, aliyebadilika ni wewe. Na kama vipira vyako ni vya sponji, vibadilishe vikianza kuwa vigumu, maana vikikakamaa havizibi tena na utaanza kuitafuta besi upya.