Nauli ya bure au gari yenye saa maalumu: fedha za usafiri wa shamba Pemba zianzie wapi?

Mada: Serikali ikitenga fedha za usafiri wa shamba, yaani wa vijijini, kianze kipi: wazee wa miaka 70 na kuendelea wapande bure, au gari zilipwe ziende kule zisikotaka kwenda?

Mchangiaji, Wete: Wazee kwanza. Orodha ya kuanzia ipo, kwani Pensheni Jamii, ile ya Serikali ya Zanzibar kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, inalipwa tangu Aprili 2016, na ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Sasa hesabuni. Mzee wa Konde mwenye kliniki katika Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, anapanda hadi Chake, anabadilisha gari, na kurudi ni vivyo hivyo. Kliniki mbili kwa mwezi ni nauli nane, na akisindikizwa na mjukuu ni kumi na sita. Pensheni inaishia kwa utingo.

Mwenye gari, Chake Chake: Simkatalii mzee, lakini dizeli inanunuliwa leo na hesabu ya tajiri inatakiwa jioni. Tuchukue mfano wa gari ya watu 20 na nauli ya shilingi 2,000. Wakipanda wazee sita, 12,000 haipo mkononi, na safari nne kwa siku ni 48,000. Serikali ikilipa baada ya miezi mitatu, dereva atafanya nini? Atampita mzee kituoni, au atamwambia gari imejaa. Hapo hata mwenye uwezo wa kulipa atakuwa hachukuliwi, kwa sababu ana mvi.

Mchangiaji wa mipango ya usafiri: Bwana wa Chake kagusa penyewe. England wanayo kadi ya wazee inayotumika kwenye basi za nchi nzima tangu Aprili 2008. Siku za kazi haki ya kisheria inaanza saa tatu na nusu asubuhi, na kampuni inarejeshewa fedha kwa kanuni kwamba isipate faida wala hasara. Kwa hiyo hairejeshewi nauli kamili kwa kila kichwa, maana baadhi ya hao wasingesafiri kama wangelipa. Kuhesabu huko kunataka mashine ya tiketi ndani ya kila gari. Sisi hata tiketi ya karatasi ni nadra. Na huko huko, halmashauri zilipopunguza ruzuku ya basi za vijijini, wazee wengi walibaki na kadi mfukoni na basi hakuna.

Mimi ningelipia safari. Tangazeni zabuni ya njia moja moja: gari iondoke kijijini saa kumi na mbili asubuhi, irudi saa nane mchana, siku sita kwa wiki, ijae isijae. Anayeomba ruzuku ndogo zaidi kwa safari, na gari yake imepita ukaguzi, ndiye apewe. Nauli abaki nayo mwenyewe. Mkimwambia aikabidhi Serikalini, itaandikwa nusu. Sheha, kiongozi wa Serikali wa pale kijijini, atie saini kila safari, malipo yatoke kila wiki mbili, na safari isiyokwenda isilipwe. Masharti yaseme wazi kuhusu masika: barabara ya udongo ikikatika gari ifike wapi, na springi zikivunjika nani analeta gari ya akiba. Mikataba mingi inafia kwenye vipengele hivi.

Mchangiaji, Kojani: Nyote mnazungumza magari. Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza safari inaanzia kwenye mashua. Gari ya saa kumi na mbili haina maana ikiwa chombo kinasubiri maji yajae. Saa za gari zipangwe baada ya kutazama bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo), na nauli ya kuvuka iingie kwenye fungu hilo hilo.

Mchangiaji, Wete: Hilo la mashua nalikubali, na hilo la zabuni pia nalikubali. Lakini maalim, gari yako itaondoka saa kumi na mbili kamili, na bibi asiye na nauli atabaki barazani akiitazama. Ndani ya huo mkataba wekeni viti vinne vya wazee, vilipiwe na ruzuku ile ile ya safari, bila ya kuhesabu vichwa. Bei itapanda kiasi gani?

Mwenye gari, Chake Chake: Viti vinne kati ya ishirini, kwa nauli ile ile ya mfano, ni 8,000 kwa safari. Nikilipwa kila wiki mbili, naingia. Nikilipwa kila miezi mitatu, sichukui hata njia ya lami.