Roboti ya sola ya kuokota uchafu juu ya bwawa: inunuliwe, au skima na wavu vinatosha?

PwaniKgb
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla pesa haijatoka. Bwawa lipo Kigamboni, mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4. Skima (mdomo wa ukutani unaovuta uchafu wa juu ya maji hadi kwenye kikapu) ni moja, upande wa kusini. Pampu ni ya 1 HP, inawaka masaa 8 kwa siku, chujio la mchanga. Kando yake kuna mti mkubwa wa mkungu na bogonvilia iliyotambaa ukutani. Kijana wa bustani anakuja mara tatu kwa wiki na wavu, ila siku asiyokuja, ikifika adhuhuri uso wa maji umejaa majani na maua, na jioni nusu yameshazama. Chaguo ni tatu: roboti ya sola inayoelea (huko nje naziona dola 350 hadi 500), kurekebisha skima iliyopo, au kumwongezea kijana siku. Ipi ina maana?

FundiPampu
Mkuu, umeshajijibu nusu uliposema skima ipo kusini. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi upepo wa kusi unavuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo kila kinachoelea kinasukumwa kwenda ukuta wa kaskazini, mbali na skima yako. Kaskazi ikiingia, mambo yanageuka na skima inakuwa upande mzuri. Skima moja ukutani inasaidiwa na upepo nusu mwaka tu. Nusu nyingine lazima mzunguko wa maji ufanye kazi hiyo.

Kabla hujanunua chochote fanya jaribio hili. Washa pampu, tupa majani makavu kumi katika pembe ya mbali, na chungwa zima palepale. Chungwa linaelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo linafuata maji. Jani liko juu, linafuata upepo. Yasubiri dakika 20.
- Chungwa na majani vyote vikifika skima: mfumo wako mzima, tatizo ni kikapu kutomwagwa.
- Chungwa likifika, majani yakabaki: upepo unashinda.
- Vyote vikizubaa: hakuna mzunguko. Usinunue roboti, rekebisha bwawa.

Mama_Mbezi
Fundi, na kwa matokeo ya tatu mtu anaanzia wapi?

FundiPampu
Dada, kwa mpangilio huu, maana la kwanza halina gharama hata senti:

Kiwango cha maji. Kiwe nusu ya mdomo wa skima. Kikizidi, kile kilango kinachobembea mdomoni kinazama na hakichuji uso tena. Kikipungua, pampu inameza hewa. Bwawa la pwani linapoteza kama milimita 5 kwa siku kwa mvuke tu, hivyo siku kumi bila kujaza ni sentimita 5 zimeondoka, na skima inaanza kukoroma.

Kilango chenyewe. Mara nyingi kimevunjika bawaba au fundi wa zamani alikitoa "kwa sababu kinapiga kelele." Kilango ndicho kinachoyafanya maji yaingie kwa utando mwembamba na wa kasi, na pampu ikizimwa ndicho kinachozuia majani yasirudi bwawani. Bila hicho una tundu ukutani, huna skima.

Valvu. Mabwawa mengi yana valvu mbili upande wa kuvuta, moja ya skima na moja ya sakafuni. Nyingi nazikuta zimefunguliwa sawasawa. Acha ya skima wazi, ya sakafuni ibane mpaka ibaki wazi robo tu. Usiifunge kabisa, maji ya chini yatalala.

Macho ya kurudishia maji. Yageuze yote upande mmoja, yatazame juu kidogo mpaka uso utikisike, ili maji yazunguke kama kinu. Yasielekezwe kwenye skima, yanakinzana nayo.

Kikapu. Kivalishe soksi ya nailoni ya kike. Inashika chavua na vumbi linalopita kwenye matundu. Lakini iangaliwe kila siku, ikiziba pampu inakosa maji na sili inaungua.

SolaNaBetri
Nakubaliana na Fundi, ila roboti isidharauliwe, inafanya kitu ambacho skima haiwezi: inalifuata jani lilipo. Tuielewe ilivyo. Ni sahani inayoelea, juu paneli, ndani betri ya lithiamu. Nyuma au chini kuna makasia madogo yanayoendeshwa na mota mbili. Moja ikizungushwa kinyume, chombo kinageuka. Mbele kuna gurudumu la makasia linaloingiza uchafu kwenye trei ya wavu laini. Zenye akili kidogo zina vihisi vya kutambua ukuta, za bei rahisi zinagonga na kugeuka.

Hesabu ya umeme wake. Paneli ya sentimita 40 kwa 40 ni 0.16 ya mita mraba. Kwenye jua kali, kwa ufanisi wa asilimia 20, ni wati 32 hivi. Jua la Dar kwa wastani ni sawa na masaa 5 ya jua kali kwa siku, linaweza kutoa wati-saa 160. Toa joto, paneli kulala bapa na hasara za chaji, zinabaki kama 100. Mota zote zikila wati 6, hayo ni masaa 16 ya kazi. Kwa hiyo siku ya jua haina shida, inaendelea hata usiku.

Shida ni kivuli. Mkungu unaomwaga majani ndio huohuo unaofunika paneli. @PwaniKgb, bwawa linapata jua saa ngapi hadi saa ngapi?

PwaniKgb
Saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri liko juani, baada ya hapo kivuli cha mkungu kinafunika zaidi ya nusu.

SolaNaBetri
Hapo inatosha. Chini ya masaa manne ya jua, hakikisha unanunua yenye tundu la chaja, maana wiki za masika utakuwa unaichaji ukutani.

MwanaDiani
Kwa upande wetu wa Diani mabwawa mengi ni ya kufurika pembeni, maji yanamwagika kwenye mfereji. Hayo roboti haina kazi, uso wote tayari ni skima. Ni kwa mabwawa ya ukuta kama hilo lako.

Yanayoharibika, kwa mpangilio ninaouona:

Kwanza nywele na nyuzi za mnazi kwenye mhimili wa makasia. Zinajiviringa, mota inakaza, joto linapanda, sili inalegea, maji yanaingia. Kila wiki igeuze juu chini, kata nyuzi kwa mkasi mdogo. Dakika tatu, na ndizo zinazoamua kama itaishi.

Pili, trei kujaa ute. Chavua, mafuta ya ngozi na vumbi vinatengeneza utando kwenye wavu. Maji hayapiti, hivyo roboti inasukuma uchafu mbele yake badala ya kuumeza. Mtu anaona trei iko nusu tupu anadhani mota imechoka. Isugue kwa mswaki na sabuni ya vyombo.

Tatu, chumvi na chokaa kwenye paneli. Siki moja kwa maji manne, kitambaa laini. Usitumie steliwaya, ukikwaruza paneli umepoteza chaji milele.

Nne, kukwama: kwenye ngazi, kwenye kibaraza cha maji mafupi ya watoto, na kwenye mdomo wa skima wakati pampu inavuta.

Na majani ya mkungu, ndugu yangu, ni mtihani. Jani bichi lililoanguka linapita. Kavu lililojikunja kama mtumbwi linakaa kwenye mdomo wa roboti na kuufunga, na nyuma yake kila kitu kinapita pembeni. Mkungu hupukutisha kwa wingi, mara nyingi mara mbili kwa mwaka. Wiki hizo hakuna roboti itakayokutosha, trei itajaa kabla ya saa nne asubuhi.

Mama_Mbezi
Na kumbikumbi wa mvua za kwanza?

MwanaDiani
Zima taa za bwawa na za baraza usiku huo, dada. Hakuna kifaa kinachoshinda swichi.

HesabuKwanza
Tuongee pesa, kwa sababu wauzaji wanasema roboti "inajilipa" kwa kupunguza muda wa pampu.

Bwawa la 8 × 4 × 1.4 ni mita za ujazo 45 karibu. Pampu ya 1 HP yenye chujio safi tuiwekee mita za ujazo 12 kwa saa. Mzunguko mmoja ni masaa 3 na dakika 45, miwili ni saba na nusu. Ndiyo maana masaa 8 yanafaa kwa maji yetu ya joto. Roboti haichuji maji, haisambazi klorini, haigusi sakafu. Kwa hiyo huwezi kushuka hadi masaa mawili matatu, mwani utakuja. Tuseme umeshuka hadi 6. Pampu inakula kilowati 1 hivi: umeokoa uniti 2 kwa siku, 60 kwa mwezi. Kwa bei ya LUKU ya shilingi 356 hivi kwa uniti, ni kama 21,400 kwa mwezi.

Sasa roboti. Dola 400 si bei ya mlangoni. Kuna usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18 inayokatwa juu ya jumla ya hivyo. Tufanye mfano imekufikia kwa 1,500,000 na itakaa miaka mitatu kabla ya betri kudai pesa: ni karibu 41,700 kwa mwezi. Kwa umeme peke yake hailipi. Anayekwambia inalipa anatumia hesabu ya nchi ambako kumwita mtu wa bwawa ni gharama kubwa.

Pale inapolipa ni mahali pengine. Nyumba ya wageni ambayo mgeni anaingia saa nane mchana na hakuna mtu wa kuwepo saa sita. Nyumba inayokaa tupu siku tano kwa wiki. Au bwawa lisilo na skima kabisa, ambako kuchimba ukuta, kuvunja vigae na kuziba upya ni gharama na hatari ya kuvuja. Hapo ningeinunua bila kusita.

SolaNaBetri
Hesabu nzuri. Niongeze faida moja ambayo haimo humo: jani likiokolewa likiwa linaelea halijala klorini. Likizama linaoza, na jani la mkungu linatoa tanini inayoacha alama za kahawia kwenye grauti na plasta nyeupe. Hizo alama ukiziacha wiki mbili utazisugua sana.

KijanaWaKariakoo
Ndugu akiwa anarudi kutoka Dubai anaweza kuibeba kwenye begi?

SolaNaBetri
Angalia maandishi ya betri. Volti mara Ah (ampea-saa) ni wati-saa (Wh): 7.4 V na 10 Ah ni 74 Wh. Kifaa chenye betri ndani, hadi 100 Wh, kwa kawaida kinaruhusiwa. Kati ya 100 na 160 aombe idhini ya shirika la ndege kwanza. Zaidi ya hapo haipandi na abiria. Betri ya akiba iliyo nje ya kifaa isiingie kwenye begi la chini, inabebwa mkononi, vichwa vyake vimezibwa kwa tepu. Na kabla hajalipa aulize kama betri, makasia na trei vinauzwa peke yake. Roboti ambayo betri yake imegundishwa ndani ni ya kutupa siku betri ikifa.

FundiPampu
Na jambo la dawa, naomba lisomwe vizuri. Baadhi zina kikombe cha kuwekea tembe ya klorini. Msikitumie. Tembe za asilimia 90 zina tindikali kali. Roboti ikikwama kona moja usiku kucha, tembe inapausha vigae hapohapo. Ukiitoa na kuiweka stoo ikiwa na tembe ndani, mvuke wake unakula nyaya na skrubu. Tena kila miligramu 10 za klorini kwa lita kutoka tembe hizo zinaacha kama 6 za kiimarishi (kinachoikinga klorini na jua) ambacho hakiondoki mpaka ubadilishe maji. Ukipiga dawa ya unga kwa wingi, itoe roboti, irudishe klorini ikishuka chini ya 5.

PwaniKgb
Wakuu, nimefanya jaribio leo saa nne, upepo ukiwa wastani. Chungwa limefika skima kwa dakika 14. Majani kumi: mawili tu yamefika, manane yamejipanga ukuta wa kaskazini. Kilango kipo, ila kimekwama wazi. Valvu zote mbili zilikuwa wazi kabisa.

FundiPampu
Safi sana. Mzunguko upo, upepo unashinda. Legeza kilango, bana ya sakafuni, geuza macho, rudia jaribio siku ya kusi kali. Ukipata majani sita kati ya kumi, roboti iache, mwambie kijana agawe siku zake vizuri. Ukibaki na mawili matatu, wewe ni mtu wa roboti, na wala kusi haitakusumbua: itaisukuma ukuta wa kaskazini, na majani nayo yako hukohuko.

HesabuKwanza
Na mkungu ukatwe matawi yanayoning'inia juu ya maji kabla haujaanza kupukutisha. Hiyo ni kazi ya nusu siku.

PwaniKgb
Nitafanya yote. Swali la mwisho: nikiinunua, naizuiaje isinase kwenye mdomo wa skima?

MwanaDiani
Mbili. Kama pampu ina taima, roboti ifanye kazi mchana pampu ikiwa imezimwa, na masaa 6 ya pampu uyapeleke usiku na alfajiri. Au kata bomba la PVC la nusu inchi, urefu wa kukaza tu kati ya juu na chini ya mdomo, libane wima katikati. Majani yanapita kulia na kushoto, roboti inagonga na kugeuka. Ncha zilainishe kwa msasa, watoto wanashika hapo wakiogelea.