Naomba ushauri: kwa nini yai ni kubwa na mbegu ya kiume ni ndogo?

Habari zenu wakuu. Nafundisha baiolojia kidato cha sita, na mwanafunzi kaniuliza tofauti hii ilianzaje. Nilianza na mwani wa maji baridi. Chlamydomonas ni seli moja tu, na katika spishi nyingi gameti zake (seli zinazoungana wakati wa kujamiiana, kama yai na mbegu) hulingana ukubwa. Ndugu yake Volvox carteri ana seli kama 2,000 za mwili, ambazo huogelea kisha hufa, na takriban 16 tu za uzazi; wakati wa kujamiiana hutoa mayai makubwa na mbegu ndogo. Inavutia mno! Ila hatua za katikati ya hao wawili ndipo ninapokwama. Hoja kwamba gameti kubwa huipa zigoti (seli itokanayo na gameti mbili kuungana) akiba na ndogo hushinda kwa wingi, inatosha kweli? Mwenye njia ya kuionyesha darasani bila maabara, hata kwa punje za mahindi, naomba anielekeze.