Mjadala: Redio za Tanga zipewe vipindi vya Kidigo na Kisambaa, au Kiswahili kitoshe?

Mtoa mada: Wanabaraza, salaam. Kanuni za utangazaji zinataka kituo kitumie Kiswahili au Kiingereza. Lugha nyingine ni kwa kibali. Sera ya Utamaduni ya 1997 nayo inahimiza lugha za jamii zitafitiwe na kuandikwa. Mkono mmoja unaita, mwingine unafukuza. Semeni.

Bin Pongwe: Kanuni ibaki. Mmeisahau RTLM ya Rwanda, redio iliyoanza 1993 na kuchochea mauaji ya kimbari? Kiswahili ndicho kilichotufanya tusiulizane makabila. Hata sensa haijauliza kabila tangu 1967.

Shangazi Chumbageni: Mwanangu Pongwe, mfano wako umekugeuka. Kinyarwanda ni lugha ya Rwanda nzima, si ya kabila moja. Chuki ilipita kwenye lugha iliyowaunganisha wote! Na hiyo sensa unayoisifia ina gharama yake: Kidaiso, lugha ndogo ya Mkinga, kimebaki na wasemaji wangapi, nani atakuambia? Lakini tusiibebeshe kanuni kila kitu. Bibi wa Muheza anamsemesha mjukuu Kiswahili tupu, na hakuna askari mlangoni. Anaogopa mtoto ataitwa mshamba.

Fundi Mitambo: Hofu ya Pongwe ina dawa, ila dawa yenyewe si hotuba. Kibali kiombwe kwa kipindi, si kwa kituo kizima. Kipindi kirekodiwe, simu za wasikilizaji hewani zisiwepo, maana huko ndiko matusi hupenya kabla fundi hajazima. Kila rekodi iambatane na tafsiri ya Kiswahili, na anayetafsiri asiwe mtangazaji mwenyewe. Hapa ndipo mambo hukwama: msimamizi asiyejua lugha hana la kukagua, basi hukataa tu. Tafsiri nayo haifanywi kwa kubahatisha. *Ph* ya Kidigo si *f* wala *p*. Asiyeijua atakosea neno na maana.

Bin Pongwe: Haya, hapo nimelegea kidogo. Lugha ngapi sasa? Mkoa huu una Kibondei, Kizigua, Kisambaa… saa zitatosha?

Shangazi Chumbageni: Tusianze na zenye watu wengi. Kidigo kinavuka mpaka wa Horohoro hadi Kwale, na huko Kenya redio za lugha za mama zipo tele. Mawimbi hayaombi pasi. Kisambaa nacho kina milima mizima ya wasemaji. Aanze Mmbugu wa Lushoto. Kimbugu kina namna mbili, ya ndani na ya kawaida. Cha ndani kina sarufi ya Kibantu, lakini maneno yake mengi ni ya Kikushi, ukoo wa lugha kama Kisomali. Wazee wakiondoka na maneno yale, kitakachobaki kinakaribia Kipare.

Fundi Mitambo: Nusu saa kwa wiki, basi. Na rekodi zisifutwe.