Naomba ushauri: vitabu vya kweli vya kumchekesha mzee

Habari zenu ndugu zangu. Natafuta vitabu vya maisha halisi, vyenye ucheshi, vya kumsomea baba yangu hapa Nakuru. Amestaafu na macho yamedhoofika, kwa hiyo jioni baada ya chai mimi ndiye msomaji. Riwaya hataki kabisa. Anasema anataka kusikia yaliyotokea kweli.

Tulianza na One Day I Will Write About This Place cha Binyavanga Wainaina, kilichotoka 2011, kwa kuwa mwandishi alizaliwa papa hapa Nakuru. Baba alikipenda. Lakini kilichomvunja mbavu ni Born a Crime cha Trevor Noah. Pale mama anapomsukuma mwanawe nje ya basi dogo linalokwenda, ili kumwokoa, ilibidi nirudie ukurasa mzima! Ubaguzi wa Afrika Kusini unasimuliwa waziwazi, uchungu wote upo, na bado mtu anacheka. Hicho ndicho ninachokitafuta. Unbowed cha Wangari Maathai alikiheshimu sana, ila si cha kuchekesha.

Je, kuna tawasifu ya Kiswahili yenye ucheshi wa aina hiyo? Ya Shaaban Robert tumeshamaliza. Sura fupi zitatufaa zaidi, maana mzee husinzia mapema.

Na kama kuna mtu wa Kisumu au Kakamega anayejua mahali panapouzwa vitabu vilivyotumika, tafadhali anielekeze. Vipya bei yake imepanda mno.