Naomba ushauri: wenzangu mtaani hawaamini takwimu za serikali

Habari zenu wakuu. Kamati yetu ya mtaa inaandaa maombi ya zahanati. Nikapendekeza tutumie matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, maana Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitoa idadi ya watu hadi ngazi ya kata. Baadhi ya wajumbe wakagoma, eti namba zimepikwa.

Kinachowaudhi zaidi ni mfumuko wa bei. Mama lishe mmoja alisimama: "Redioni wanasema asilimia tatu, mbona mchele haushuki?" Nikamweleza kwamba mfumuko ukiwa mdogo bei bado zinapanda, ila polepole, na kwamba ule ni wastani wa kapu zima, yaani bidhaa na huduma zote zinazopimwa bei, zikiwemo kodi ya nyumba, nauli na nguo, wakati hela yake yeye inaishia kwenye mchele, mafuta na mkaa. Akanielewa kiasi, kisha akauliza mbona hajawahi kumwona anayekuja sokoni kukusanya hizo bei. Swali la haki kabisa. Watu wanaletewa namba iliyokwisha kukamilika, hawajui ilivyopatikana.

Kuna aliyewahi kumwalika mtakwimu wa halmashauri kwenye mkutano wa mtaa? Mlimwomba aanze na nini? Maana asiyeamini takwimu humdanganya karani wa sensa, na hapo ndipo namba zinapoharibika kweli. Nawaombeni uzoefu wenu, mkutano wetu ni mwisho wa mwezi.